Mbuzi wa Doldol Waliotoa Zaidi ya Tulichoweka

Siku mliponifanyia chai ya kuniaga, mkanipa blanketi na saa ya ukutani, yule msichana mpya wa mizani aliniuliza, "Mzee Wachira, kwani zamani mlikuwa mnachoma mifupa ya nini?" Nikaanza kumjibu, na mkate ukaisha kwa sahani kabla sijafika hata kwa asidi. Sasa niko nyumbani, kahawa imeshachumwa, mama watoto amechoka kunisikiliza, nami nimeamua kumjibu kwa kalamu. Mwandiko ni mbaya, mnajua. Shule niliionja tu nikaiacha. Lakini kile nilichokiona kwa macho haya ninaweza kukisema, na nikikikumbuka hata leo damu inanichemka, kama ni jana.

Mimi niliajiriwa kuosha chupa kwa maabara ya serikali, pale Nyeri. Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, na chumba chetu kilikuwa kile cha nyuma chenye mabati mekundu, ambacho asubuhi bila ukungu unaona mlima wote kupitia dirisha la juu ya sinki. Siku ya kwanza nilipewa koti jeupe refu, likafika kwa viatu. Nikajiona mtu mkubwa. Halafu mlango ukafunguliwa, nikapigwa na harufu ya mifupa inayoungua, na ukubwa wote ukaniisha pale pale.

Aliyekuwa akichoma alikuwa Mzee Kariithi, wa Giakanja. Huyu zamani alikuwa mpishi kwa nyumba ya wazungu, na ile tanuru ya umeme aliichukua kama jiko lake. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Aliniangalia vile nimeziba pua na koti langu jipya.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Muthoni, kule chini ya kanisa."

"Mama yako hajawahi kuunguza nyama?"

"Ameunguza."

"Basi toa hiyo nguo kwa pua. Hapa tunaunguza kwa makusudi."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Mfupa unachemshwa mpaka nyama yote itoke, unakwanguliwa, unakaushwa, halafu unaingia kwa tanuru polepole. Ukiuharakisha unakuwa mweusi kama makaa, na ule weusi unajifungia ndani, hautoki tena. Ukiutuliza kidogo kidogo, unatoka majivu meupe, laini, ukipuliza yanaruka. Kariithi alikuwa anayaangalia vile wengine wanaangalia mtoto aliyelala. Mimi nilikuwa ninacheka. Baada ya miaka michache nilikuwa ninayaangalia hivyo hivyo.

Mjini walitusema. Wengine ati tunatengeneza mbolea ya serikali, wengine ati ni uchawi umepewa ofisi. Muuza nyama wa pale sokoni alikuwa ananiambia mbele ya watu, "Wachira, mfupa huu ungelisha nyumba nzima supu, na wewe unaupeleka ukawe vumbi. Huogopi Mungu?" Sikujua tunatafuta nini. Nilikuwa ninaosha chupa tu.

Jibu lilikuja na Daktari Kagendo. Si daktari wa sindano, ni wa kemia. Alikuwa msichana wa upande wa Chuka, ule mteremko wa mlima unaotazama jua likichomoza, mwembamba, anatembea haraka kama anachelewa kanisani. Alikuwa ametoka kusoma ng'ambo, na huko walitaka abaki. Akasema hapana, nataka chumba kwetu. Wakampa chetu. Kariithi alimtazama vile anavyopima madirisha kwa macho akaninong'oneza, "Huyu atataka mapazia." Hakutaka mapazia. Alitaka barafu, na kabati la kuvuta moshi, na kila mmoja wetu ajue anafanya nini. Alituketisha juu ya masanduku akatueleza.

Mataifa makubwa, alisema, yamekuwa yakijaribu mabomu yao angani, mbali sana. Vumbi la mabomu linapanda juu, linazunguka dunia, linashuka na mvua. Mvua haiulizi hii ni nchi ya nani. Inanyesha kwa nyasi, mbuzi anakula nyasi. Ndani ya vumbi hilo kuna kitu kinaitwa strontiamu, kinatoa miale ya kudhuru. Na strontiamu inafanana sana na kalsiamu, ile inayojenga mfupa. Kwa hivyo mwili unadanganyika. Unaipokea kama ndugu, unaijengea nyumba ndani ya mfupa, na hapo inakaa miaka.

"Na mifupa ya watu?" Kariithi akauliza.

"Hata ya watu, Mzee. Ndiyo sababu tunaangalia mbuzi kwanza."

Kutoka siku hiyo sikusikia tena harufu ya tanuru. Nilikuwa ninaamka asubuhi nikikimbilia kazi, jambo ambalo mke wangu alilitilia shaka kwa muda mrefu.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo utamu ulipo. Majivu ya mfupa ni kalsiamu tele, na strontiamu ya mabomu ndani yake ni kidogo kuliko vumbi la vumbi. Ukiyaweka yote pamoja kwa mashine ya kuhesabu miale, ile kalsiamu inaifunika kama blanketi, husikii kitu. Lazima uwatenganishe. Na hawa ni ndugu, wanafanana, wanapenda na kukataa vitu vilevile. Isipokuwa kimoja. Ukichukua asidi ya nitriki kali kabisa, ile inayotoa moshi wa kahawia chupa ikifunguliwa tu, kalsiamu inakaa ndani yake imeyeyuka kama sukari kwa chai. Strontiamu inakataa. Inashuka chini, unga mweupe. Nilipoiona mara ya kwanza nilishika meza.

Lakini si rahisi vile ninavyosema. Maji yakizidi kidogo kwa asidi, strontiamu nayo inayeyuka inaondoka na ndugu yake. Yakipungua, kalsiamu inashuka pia na umerudi pale ulipoanza. Daktari alikuwa anaongeza maji kwa tone, kidole kimetulia, midomo imefungwa, na mimi nimeshika bakuli la barafu chini ya bomba la kioo. Kisha tunazungusha kwa mashine, tunamwaga maji ya juu, tunaanza upya, mpaka kalsiamu iishe. Glavu zangu zilikuwa na matundu ya asidi kama chujio. Koti langu pia, na hilo halikunisikitisha, likapungua urefu.

Kitu kingine, na hiki mkishike kwa sababu kila kitu kilikuja kusimama juu yake. Ile strontiamu ya mabomu ni kidogo hata haiwezi kushuka peke yake. Kwa hivyo Daktari alikuwa anaanza kwa kuongeza strontiamu ya kawaida ya kwenye chupa, isiyo na miale, ameipima. Tuliiita mbebaji. Ikishuka inaibeba ile nyingine. Mwisho wa kazi unapima kilichotoka. Daima kinapungua kidogo, kwa sababu nyingine imebaki kwa vyombo, na kutoka kwa huo upungufu unajua ulipoteza kiasi gani. Ni kama kupeleka mahindi kwa posho mili. Unga unaorudi ni pungufu kidogo, nawe hulalamiki.

Halafu tunangoja. Wiki mbili hivi hatugusi. Daktari alisema strontiamu ya mabomu inazaa mtoto mwenye jina lake mwenyewe, na mtoto ana miale yenye nguvu kuliko mama, kwa hivyo tunangoja azaliwe ndipo tumtoe tumhesabu. Kariithi alipenda hayo maneno sana. Kila asubuhi alikuwa anapita kwa kabati anauliza, "Mama ameamkaje?"

Tulifanya mbuzi wa Giakanja, wale wanaofungwa nyumbani na kulishwa majani ya viazi vitamu. Vizuri. Tukafanya ng'ombe wa Kangari kwenye majani chai. Vizuri. Kisha tukaletewa mifupa ya mbuzi wa Doldol, kule chini kwenye ukavu wa Laikipia, na taabu ikaanza.

Kilichotoka kilikuwa kingi kuliko tulichoweka.

Daktari alipima, akafuta sahani ya mizani, akapima tena. Akaniita kwa jina la binti yangu. "Baba Nyambura, hebu angalia wewe." Mimi kazi yangu ni chupa, lakini sindano ya mizani hata mimi ninaisoma. Nikaona vilevile. Umepeleka debe la mahindi kwa posho mili, umerudi na debe na nusu.

Hiyo ilikuwa na maana moja, na kila mtu wa kemia angekuambia. Kalsiamu haijatoka. Imejificha ndani ya unga, ndiyo inaongeza uzito. Maana yake hatujui kutenganisha, na kama hatujui kwa Doldol, nani atatuamini kwa Giakanja?

Tukarudia. Ilikuwa ule msimu wa baridi, ukungu umelala mji mzima, na Daktari akafikiri labda unga unakunywa unyevu wa hewa ndipo unazidi uzito. Tukaziba madirisha kwa magunia. Tukarudia. Kizito vilevile. Lakini kulikuwa na jambo la kuudhi zaidi. Kuna jaribio la moto: unachovya waya kwa ule unga uliolowa, unauweka kwa mwali wa gesi, na mwali unabadilika rangi. Kalsiamu inatoa rangi ya matofali. Strontiamu inatoa nyekundu, nyekundu hasa, kama kahawa iliyoiva kwa mti, nyekundu ya kumfanya mtu arudi nyuma hatua. Wa Doldol ulikuwa mwekundu hivyo, safi, bila tofali hata kidogo. Kwa hivyo mizani inasema kalsiamu iko, moto unasema haiko. Na wote wawili hatujawahi kuwakuta wakidanganya.

Wakati huo Mkubwa wetu alikuwa Nairobi, mtu mrefu wa tai nyembamba. Alikuja, akaangalia, akatuambia bila hata kukaa. "Daktari Kagendo, kazi hii inaweza kutumwa ng'ambo, wanaifanya vizuri. Baridi ikiisha nitakuja na pikapu. Kama Doldol haijanyooka, nachukua tanuru, chumba kinakuwa stoo ya mapipa ya dawa ya josho, na wewe utarudi Nairobi kupima unga wa ngano."

"Nimekusikia, bwana," alisema. Mkubwa alipoondoka aliosha mikono muda mrefu, na mikono haikuwa michafu. Mtu ameacha ng'ambo kwa ajili ya chumba, na chumba kinakwenda kuwekwa mapipa.

Baridi ikaanza kwisha. Mnajua vile jua linarudi siku moja tu na watu wote wanatoa blanketi nje? Siku hiyo tukasikia Mkubwa anakuja kesho yake. Na siku hiyo hiyo mchana akaingia Lesian.

Lesian alikuwa mfugaji wa Doldol, ndiye aliyekuwa anatuletea mifupa akipanda kuuza mbuzi. Alitupa gunia chini, akakaa juu ya sanduku bila kukaribishwa, akapewa chai.

"Nyinyi watu wa Nyeri," akasema, "mbuzi wangu nawauzia nyama, mnalia bei. Mfupa mnaununua. Na mkishaununua mnauchoma. Mwishowe mtakuja kuninunulia kivuli chake."

"Leta tukipime," Kariithi akasema.

"Na chai yenyewe haina chumvi."

"Chai ya hapa inatiwa sukari, wewe mtu wa jangwani."

"Ndiyo mbuzi wenu wamekonda. Mnawapa sukari?" Halafu akaingiza mkono kwa mfuko wa ngozi akatoa bonge la udongo, jeupe kama mkate uliokauka, akaliweka kwa mkono wa Kariithi. Ilikuwa zawadi. Mtu wa mifugo haji kwa mwenye mifugo mikono mitupu. "Wape hii. Wa kwetu wanatembea siku nzima kuja kuilamba pale kwenye bonde. Mbuzi wangu ukimnyima hii hata maji hanywi."

Kariithi akalamba kidogo akatikisa kichwa. "Hii ni munyu kweli."

Sote tunajua munyu. Hakuna mtoto wa mlimani hajapeleka mbuzi kulamba udongo. Hata Daktari alipeleka akiwa mdogo, kule Chuka, alituambia baadaye. Na hakuna kati yetu aliyewahi kuufikiria, kwa sababu ukiingia kwa hicho chumba na koti jeupe, ya nyumbani unayaacha mlangoni pamoja na mwavuli.

Daktari alikuwa ameweka kikombe chini. "Wanalamba kila siku?"

"Wakifika. Wakichelewa wanakula hata ukuta."

"Mzee Kariithi, nikatie nusu."

"Ni zawadi yangu."

"Robo, basi."

Akaipeleka kwa moto kwanza, na mwali ukawaka njano tupu, njano ya chumvi, ikafunika kila kitu. Lesian akacheka. Daktari hakucheka. Aliuyeyusha ule udongo, akaupitisha kwa njia ile ile tunayopitisha mifupa, asidi, barafu, tone la maji. Mbebaji hakuweka. Mimi nilishika bakuli la barafu. Unga ukashuka. Akachovya waya. Nyekundu.

Alikaa juu ya sanduku karibu na Lesian, akazungumza polepole kama anayeogopa kumwaga kitu. "Hatukushindwa kutenganisha. Ile iliyozidi ni strontiamu. Ya mawe. Ya bonde. Haina miale, haina ubaya. Mbuzi wanailamba maisha yao yote, inakaa kwa mfupa. Sisi tunaweka yetu, na ya mbuzi inatoka pamoja nayo."

"Yaani mbuzi wangu waliwaongezea?" Lesian akauliza.

"Waliongeza."

"Basi hiyo nyongeza mnilipe."

Lakini udongo si mfupa. Mkubwa hangekubali udongo. Ilibidi kuonyesha kwa mfupa wenyewe, bila mbebaji, na mfupa wa Giakanja pembeni wa kulinganisha. Jua lilikuwa limekwisha. Majivu tulikuwa nayo. Akasema tukutane asubuhi mapema, na mchana, kabla ya pikapu kufika, tutakuwa tumemaliza.

Pikapu ilifika asubuhi. Daktari alikuwa bado kwenye mzunguko wa kwanza, kichwa ndani ya kabati la moshi. Dereva aliingia na kamba begani na kijana wa kumsaidia kubeba, Mkubwa nyuma yao. Akasema, "Chomoeni tanuru."

Dereva akaikaribia, akanyoosha mkono, akaurudisha haraka. "Bwana, hii ni moto."

Sote tukamgeukia Kariithi. Mzee alikuwa amekaa kwa kiti chake, anasoma gazeti la wiki iliyopita. Alikuwa ameingia kabla yetu sote, akajaza mifupa ya Kangari, akaifungulia umeme mpaka mwisho, yeye ambaye alikuwa ananipiga vidole nikiharakisha mfupa.

"Nani alikuambia uwashe?" Mkubwa akauliza.

"Bwana, mfupa ukishaanza haukatizwi. Unakuwa mweusi."

"Itapoa lini?"

Kariithi akakunja gazeti akafikiria, vile mpishi anafikiria akiulizwa chakula. "Kesho. Kama hakuna upepo."

"Upepo unahusika vipi na tanuru ya umeme?"

"Ndiyo maana nikasema kama hakuna."

Niliingia nyuma ya kabati kuficha uso. Daktari hakutoa kichwa, alisema tu, "Bwana, kwa vile unangoja, njoo uone kitu." Na Mkubwa, ambaye alikuwa pia mtu wa kemia kabla ya kuwa mtu wa tai, akaja. Sidhani alitaka. Lakini ukimwambia mtu wa kemia njoo uone, miguu inakwenda.

Mabomba mawili ya kioo kwa barafu. La kushoto Giakanja, la kulia Doldol. Daktari akamweleza kwamba hakuweka mbebaji kwa lolote. Mkubwa akasema, "Basi hakutakuwa na kitu kwa lolote."

"Tuone, bwana."

Tone. Tone. La kushoto likabaki angavu, unaona vidole vya Daktari kupitia kwake. La kulia likaanza kufifia, kama maji ya mchele, na kitu cheupe kikaanza kutulia chini. Mkubwa akainama mpaka tai ikagusa barafu.

"Kalsiamu," akasema.

Daktari akauosha ule unga mweupe tena, na tena, Mkubwa akihesabu mwenyewe kwa sauti kama anayechunga mlango. Kisha akampa waya. Hakuchovya yeye, alimpa Mkubwa. Akachovya, akauweka kwa mwali.

Chumba kilikuwa kimefungwa kwa yale magunia ya madirisha, kwa hivyo ule wekundu ulipanda kwa nyuso zetu sote, hata dereva mlangoni na kamba yake. Hakuna tofali. Mkubwa aliutazama ukizima. Akachovya tena. Akachovya tena, na sasa halikuwa jaribio, alikuwa anafurahia tu, niliona.

"Inatoka wapi?"

Kariithi akatoa lile bonge lake lililobaki kwa mfuko wa koti, kwa uchungu, akaliweka mezani.

Mkubwa alilala kwa hoteli ya mjini usiku huo. Asubuhi yake tanuru ilikuwa imepoa, upepo haukuwepo. Dereva alisimama kando na kamba yake, akingoja kuambiwa. Kariithi alifungua mlango wa tanuru polepole, na mimi niliogopa, kwa sababu aliuchoma ule mfupa kwa haraka na nilijua atakuta makaa. Alikuta makaa. Kariithi aliyafunika kwa mkono kama mtu anayeficha kiraka cha suruali.

Mkubwa akachungulia juu ya bega lake. "Hii ni ya wapi?"

"Kangari, bwana."

"Imeungua vibaya."

"Ndiyo, bwana."

"Basi chomeni nyingine," akasema, "na safari hii polepole." Akamgeukia dereva, akamwambia aiweke ile kamba kwa gari.